Masomo ya video ya kilimo cha mwani, Mkinga na Pangani: nipangeje yamfae mwenye bando dogo, kiziwi na asiyeona?

Mwambao (Tanga mjini)

Wakuu salaam. Naomba msaada wa kitaalamu.

Kuna masomo 14 ya video ya kilimo cha mwani, kila moja dakika 12, yamerekodiwa kwa 1080p (picha yenye urefu wa pikseli 1080), fremu 25 kwa sekunde. Somo moja ni faili ya mp4 yenye MB 720 hivi. Yote yako kwenye seva ndogo ya kukodi iliyo nje ya nchi, na ukurasa una tagi ya kawaida ya video inayoelekeza kwenye hiyo mp4, basi.

Walengwa wanatofautiana sana. Kundi kubwa ni akina mama wanaolima mwani kwenye vijiji vya pwani ya Mkinga na Pangani, wenye simu janja za bei nafuu na bando la siku lisilozidi MB mia na kitu. Wapo wanakikundi viziwi. Mkalimani wa lugha ya alama ameshapigwa video peke yake, na kwa sasa amebandikwa kona ya chini kulia. Wapo wazee wenye uoni hafifu, na wachache wasioona kabisa. Wapo maafisa ugani mjini wanaotazama kwenye kompyuta, hao wanataka picha safi. Halafu wapo wenye vitochi, zile simu ndogo za kubonyeza.

Malalamiko ni kwamba kijijini video inakwama kila mara, bando linakwisha kabla somo halijafika nusu, na viziwi wanasema mikono ya mkalimani haisomeki. Wazo lililopo ni kutoa nakala tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila mtu achague yake. Je, inatosha? Kama haitoshi nianzie wapi? Naomba namba na amri zenyewe, maelezo ya jumla ninayo.

---

Nanga

Mkuu, MB 720 kwa dakika 12 ni MB 60 kila dakika, yaani 8 Mbps (megabiti 8 kwa sekunde). Bando la MB 120 linakwisha dakika mbili. Kwa hiyo hata mtandao ukiwa mzuri, huyo mama hafiki popote.

Nakala tatu za mp4 zitapunguza maumivu bila kuyaondoa. Mtandao wa simu hautulii. Mtu aliye karibu na mnara anapata 2 Mbps, akishuka ufukweni zinabaki 300 kbps (kilobiti kwa sekunde), na mp4 ikishaanza haiwezi kubadilika katikati. Unachohitaji ni HLS: video inakatwa vipande vifupi, kila kipande kipo kwa ubora kadhaa, na pleya inachagua kipande kinachofuata kulingana na hali ya mtandao wa dakika hiyo. Ipo tangu 2009 na maelezo yake rasmi ni waraka wa kiufundi RFC 8216 wa 2017. Mfumo mwingine, DASH, unafanya kazi ileile, ila iPhone haichezi DASH yenyewe, kwa hiyo HLS inakutosha.

Ngazi ninazopendekeza, na gharama yake kwa somo la dakika 12:

Sauti peke yake, 48 kbps mono: MB 4.3.
240p, picha 200 kbps + sauti 48: MB 22.
360p, picha 450 + sauti 48: MB 45.
720p, picha 1500 + sauti 48: MB 139.

Hesabu ni rahisi, rudia kwa urefu wowote: kbps mara sekunde, gawa kwa 8, unapata kilobaiti. Picha ya 1080p iache. Kwa mtu anayejifunza kufunga kamba haiongezi kitu.

Amri (ya ffmpeg, programu ya kubadilisha video):

```
ffmpeg -i somo01.mp4 \
-filter_complex "[0:v]split=3[a][b][c];[a]scale=426:240[v1];[b]scale=640:360[v2];[c]scale=1280:720[v3]" \
-map "[v1]" -map "[v2]" -map "[v3]" -map 0:a \
-c:v libx264 -preset slow -pix_fmt yuv420p -r 25 \
-g 75 -keyint_min 75 -sc_threshold 0 \
-b:v:0 200k -maxrate:v:0 220k -bufsize:v:0 400k -profile:v:0 baseline \
-b:v:1 450k -maxrate:v:1 500k -bufsize:v:1 900k -profile:v:1 main \
-b:v:2 1500k -maxrate:v:2 1650k -bufsize:v:2 3000k -profile:v:2 main \
-c:a aac -b:a 48k -ac 1 -ar 44100 \
-f hls -hls_time 6 -hls_playlist_type vod -hls_segment_type fmp4 \
-var_stream_map "v:0,agroup:sauti v:1,agroup:sauti v:2,agroup:sauti a:0,agroup:sauti,default:yes,language:sw" \
-master_pl_name somo.m3u8 somo01/%v/orodha.m3u8
```

Mambo matatu humo ndani yasiguswe ovyo. La kwanza, `-g 75` pamoja na `-sc_threshold 0`. Fremu kamili inatokea kila sekunde 3, mahali palepale katika ngazi zote, na kipande cha sekunde 6 kinaanza na fremu kamili. Ukiacha ffmpeg iweke fremu kamili popote tukio linapobadilika, vipande vya 240p na 360p havitalingana, na pleya ikihama ngazi utaona picha inaruka au inaganda huku sauti ikiendelea. La pili, `-maxrate` na `-bufsize`. Bila hizo 200 kbps ni wastani tu. Kwenye mawimbi yanayovunjika picha inaweza kudai mara tatu ya hapo kwa sekunde kadhaa, na hapo ndipo inapokwama. La tatu, sauti iko kando, imeshirikiwa na ngazi zote. Picha ikipanda na kushuka, sauti haiguswi.

Leo hii, kabla ya yote hayo, zipitishe mp4 ulizonazo kwenye `-c copy -movflags +faststart`. Mp4 nyingi zina jedwali la yaliyomo mwishoni mwa faili, na simu inapaswa kulifuata huko kabla haijaonyesha hata fremu moja.

---

Jahazi

Nyongeza fupi: kwa nini usitumie H.265 au AV1, njia mpya zaidi za kubana video? Zinapunguza data karibu nusu kwa ubora uleule. Hiyo MB 22 ingekuwa 13 hivi.

---

Nanga

Jahazi, kwenye karatasi ni kweli. Shida ni simu zenyewe. Simu ya bei nafuu mara nyingi haina sakiti ya kufungua AV1, kwa hiyo prosesa inafanya kazi hiyo kwa programu: simu inachemka, betri inashuka haraka, na fremu zinaanguka. H.265 ndani ya kivinjari inategemea simu na kivinjari, huwezi kuitegemea. H.264, ndiyo ile libx264 ya kwenye amri, inafunguliwa na sakiti karibu kwenye kila simu janja iliyopo mikononi mwa watu. Mahali ambapo umeme wa kuchaji simu ni wa kutafuta, betri nayo ni sehemu ya bei ya somo. Ukitaka, ongeza ngazi ya AV1 baadaye kwa simu zinazoweza, lakini H.264 ndiyo msingi.

---

Kusi

Nanga kamaliza upande wa mtandao. Ila kuna kosa liko kwenye msingi wa ngazi zenyewe: zinachukulia kwamba watu wote wanataka kitu kilekile, tofauti ni kiasi tu. Sivyo. Mtandao ukishuka lazima kitu kitolewe kafara, na kinachotolewa kinategemea anayetazama. Msikilizaji mtolee picha umwachie sauti. Afisa ugani mpunguzie pikseli. Kiziwi mtolee sauti yote, na hata picha ya somo ikibidi, lakini mwendo wa mikono usiuguse kamwe.

Tazama mkalimani wako wa pale konani. Akichukua robo ya upana, kwenye 240p ana pikseli 106 kwa 60. Hapo vidole havipo, mdomo haupo, nyusi hazipo. Na katika lugha ya alama uso ni sarufi: nyusi na mdomo ndivyo vinavyotofautisha swali na maelezo, na vinabeba mengi zaidi ya hayo. Hicho kibandiko ni sawa na kumpa mtu redio yenye kelele tupu.

Pia watu wengi hupunguza fremu kutoka 25 hadi 12 ili kuokoa data. Kwa mtu anayesikia inavumilika. Kwa lugha ya alama ni kufuta maneno, kwa sababu alama nyingi zinatofautishwa na mwendo wenyewe. Mwongozo wa ITU-T, watunga viwango vya kimataifa vya mawasiliano, kuhusu lugha ya alama kwenye mitandao ya kasi ndogo, Nyongeza ya 1 ya mfululizo wa H, wa 1999, uliweka picha ya 352 kwa 288 na fremu 20 au zaidi kwa sekunde. Baki na 25 zako.

Tengeneza toleo la pekee, mkalimani mkubwa kulia, somo dogo kushoto:

```
ffmpeg -i somo01.mp4 -i mkalimani01.mp4 -filter_complex \
"[0:v]fps=25,scale=370:208,pad=370:360:0:76[s]; \
[1:v]fps=25,crop=ih*3/4:ih,scale=270:360[m]; \
[s][m]hstack,addroi=370:0:270:360:-0.15[v]" \
-map "[v]" -an -c:v libx264 -preset slow -pix_fmt yuv420p \
-g 75 -keyint_min 75 -sc_threshold 0 \
-b:v 500k -maxrate 550k -bufsize 1000k alama01.mp4
```

`crop` inakata katikati ya picha, kwa hiyo hakikisha mkalimani amesimama katikati na viwiko havitoki nje ya fremu anapotanua mikono. `addroi` inaiambia x264, programu inayobana picha, itumie biti nyingi zaidi upande wa mkalimani kuliko upande wa somo. `-an` imeondoa sauti: zile 48 kbps ziende kwenye picha. Somo linakuwa MB 45. Familia inayotazama pamoja na wanaosikia wapewe linki nyingine yenye sauti.

Kwa mtandao mbovu kabisa toa mkalimani peke yake, 270 kwa 360, fremu 25, 220 kbps, MB 20. Lakini hiyo usiiweke kama ngazi ya chini ndani ya orodha moja na hii ya juu. Ngazi za orodha moja lazima zionyeshe kitu kimoja. Ukichanganya, pleya itahama katikati ya sentensi na umbo la picha litageuka. Iwe linki yake yenyewe. HLS ina namna ya kuorodhesha picha mbadala, ila pleya nyingi haziifuati.

Kama mnarudia kurekodi: ukuta mtupu wa rangi moja nyuma, nguo isiyo na maua na inayopishana na rangi ya ngozi ya mkalimani. Kanga na kitenge ni vizuri sana kwingine, hapa vinakula biti ambazo zingeenda kwenye vidole. Kasi ya shata iwe 1/100. Kwa 1/50 mikono inaacha ukungu nyuma yake, na ukungu huo hauondoki hata ukiongeza kbps. 1/100 inakubaliana pia na umeme wetu wa 50 Hz, taa hazitapepesa.

Msidhani maandishi ya chini yanachukua nafasi ya mkalimani. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha yenye sarufi yake, na kwa kiziwi aliyekua nayo Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Wekeni vyote viwili. Kabla ya kupandisha masomo yote 14, onyesheni moja kwa watu wa CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), wao ndio watakaosema kama mikono inasomeka. Jicho la anayesikia halitoshi kuhukumu hapo.

---

Mwambao

Asanteni sana wakuu, nimeelewa mengi. Nimejaribu amri ya Nanga kwa somo la kwanza, imekubali. Nimeweka hls.js, pleya ya HLS ya ndani ya kivinjari, kwenye ukurasa. Ila naona mambo mawili. Simu ndogo yenye kioo kidogo mtandao ukiwa mzuri inajirusha yenyewe hadi 720p. Pili, nikifungua somo nikaangalia dakika moja tu na kufunga, data iliyotumika ni karibu MB 20, wakati kwa hesabu ya 240p dakika moja ilipaswa kuwa MB 2 hivi. Kulikoni?

Na maandishi ya chini nayaunganishaje na hiyo orodha?

---

Matlai

Mkuu Mwambao, hayo yote mawili ni mipangilio ya pleya, siyo video zako.

Tuanze na hizo MB 20, maana ndizo zinazomuumiza mtu mfukoni. hls.js ina `maxBufferLength` ya sekunde 30, na wengi wanaiona hiyo na kuridhika. Lakini 30 ni kiwango cha chini ambacho pleya inajitahidi kupakua mbele. Juu yake kuna `maxBufferSize` ya MB 60 na `maxMaxBufferLength` ya sekunde 600. Pleya inauliza: kwa ngazi hii, MB 60 ni sekunde ngapi? Kwa 248 kbps ni zaidi ya sekunde 1900, basi inajizuia kwenye 600. Maana yake, kadiri ubora ulivyo mdogo ndivyo inavyopakua mbele zaidi, hadi dakika 10. Dakika 10 za 248 kbps ni MB 18.6. Ndizo ulizoziona. Mtu aliyechagua ngazi ya chini ili abane bando ndiye anayepakuliwa karibu somo zima hata kama hatazami.

```
const hls = new Hls({
  startLevel: 0,
  abrEwmaDefaultEstimate: 250000,
  capLevelToPlayerSize: true,
  ignoreDevicePixelRatio: true,
  maxBufferLength: 20,
  maxMaxBufferLength: 30
});
```

Kwa toleo la lugha ya alama ongeza hizo mbili za mwisho ziwe 60 na 90. Huko ni bora kupakua mbele zaidi kidogo kuliko mkalimani kukatika katikati ya alama.

Kuhusu 720p: `capLevelToPlayerSize` inazuia ngazi isizidi ukubwa wa pleya kwenye kioo, ila yenyewe peke yake inazidisha upana kwa msongamano wa pikseli. Ukurasa wenye upana wa 360 kwenye simu yenye msongamano wa 2 unahesabiwa 720, ambayo ni kubwa kuliko 640, upana wa ngazi ya 360p, basi 720p inaruhusiwa. `ignoreDevicePixelRatio` inafuta huko kuzidisha. Akishika simu wima atabaki 240p. Akiilaza video ikajaa kioo, inaruhusiwa kupanda.

`startLevel: 0` ianzie chini ipande, kuliko ianzie juu ianguke. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu sekunde 6 za kwanza. Akiona duara linazunguka anafunga.

Kwenye iPhone za zamani hls.js haifanyi kazi, video inachezwa na simu yenyewe na mipangilio hii yote haina nguvu. Ndiyo maana uandae pia orodha ya pili, `somo-bando.m3u8`, yenye mstari wa 240p peke yake. Hiyo inatii kila mahali.

Usitegemee kivinjari kikuambie hali ya mtu. Chrome ya Android inakupa `navigator.connection.saveData` na `effectiveType`. Safari na Firefox hazitoi. Itumie ikiwepo, kwa kuchagua tu kitufe kipi kitangulie. Uamuzi mwachie mtu, na vitufe viandikwe kwa lugha ya bando: Sauti tu, MB 4. Picha ndogo, MB 22. Picha safi, MB 139. Lugha ya alama, MB 45. Hakuna anayenunua bando la "240p". Chaguo lake likumbukwe kwenye simu yake, asiulizwe kila somo.

Maandishi: tengeneza faili ya WebVTT (maandishi yenye muda wa kila mstari), ina kilobaiti kama 20 kwa somo zima, hata mwenye bando la mwisho haimuumizi. Iweke kwenye orodha yake yenye kipande kimoja cha sekunde 720, kisha kwenye `somo.m3u8` ongeza kwa mkono, mstari mmoja usiokatwa:

```
#EXT-X-MEDIA:TYPE=SUBTITLES,GROUP-ID="maandishi",NAME="Kiswahili",LANGUAGE="sw",AUTOSELECT=YES,DEFAULT=NO,CHARACTERISTICS="public.accessibility.transcribes-spoken-dialog,public.accessibility.describes-music-and-sound",URI="maandishi/orodha.m3u8"
```

na kila mstari wa `#EXT-X-STREAM-INF` uongezewe `SUBTITLES="maandishi"`. Ukisahau hilo la pili kitufe cha maandishi hakitokei, na utatafuta kosa kwenye VTT ambayo haina kosa. Usichome maandishi ndani ya picha. Kwenye 240p yanakuwa ukungu, mwenye uoni hafifu hawezi kuyakuza, na kingo za herufi zinanyang'anya biti. VTT inachorwa na simu yenyewe, inabaki kali hata picha ikiwa mbaya. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo usizidishe mistari miwili ya herufi 35 hivi. Andika na sauti zinazobeba maana: [mawimbi], [injini ya boti inazimika].

Seva: hakikisha `.m3u8`, `.m4s` na `.vtt` zinatoka na aina sahihi ya faili, washa gzip (kubana faili zinapotumwa) kwa m3u8 na vtt tu, na vipande vya m4s viwekewe muda mrefu wa kuhifadhiwa kwa kuwa havibadiliki. Seva iliyo Ulaya iko zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, na muunganisho mpya wa TLS 1.2 (usimbaji wa https) unahitaji safari tatu kabla ya baiti ya kwanza ya data, TLS 1.3 inahitaji mbili. Ukipata seva Dar es Salaam iliyounganishwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano cha TIX, utaona tofauti kwenye kuanza kwa video.

---

Kaskazi

Wakuu, mmewasemea vizuri viziwi na wenye bando dogo. Wasioona bado.

Ngazi ya "sauti tu" siyo somo la asiyeona. Ni sauti ya video iliyopofushwa. Msikilize mtoa somo anavyosema: "unaikunja hivi, unaipitisha hapa, unavuta." Hivi vipi? Hapa wapi? Andikeni upya maelezo ya hatua za mikono: shika tai-tai (kikamba cha kufungia mche wa mwani) ikiwa imekunjwa katikati, ipitishe chini ya kamba kuu, ingiza shina la mwani kwenye kitanzi bila kulibana, kisha pima sentimita 20 hivi kwa vidole kabla ya kufunga mche unaofuata. Vipimo vya vidole na kiganja vinafaa zaidi hapa kuliko rula. Ukirekodi hivyo mara moja, sauti hiyohiyo inawafaa wasioona, wenye vitochi, na aliye shambani mikono ikiwa majini. Kwenye HLS inaingia kama sauti ya pili ya kundi lilelile, yenye `CHARACTERISTICS="public.accessibility.describes-video"`.

Usafi wa sauti: ondoa muziki wa chini. Kwa mzee ambaye masikio yamepungua nguvu muziki unameza konsonanti, na kwenye 48 kbps unagawana biti na maneno. Sawazisha kwa `-af highpass=f=100,loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=7`, spika ya simu ufukweni inashindana na upepo. Kumbuka kuacha `-ar 44100` kwenye amri, kwa sababu loudnorm hupandisha sampuli hadi 192 kHz na bila kuirudisha chini unaweza kupata sauti ambayo simu inaikataa.

Vitufe vya ukurasa viwe na majina yanayosomwa na TalkBack, programu ya Android inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye kioo. Kitufe chenye alama ya pembetatu tu kinasomwa "kitufe" na hakuna zaidi. Maandishi na rangi ya nyuma yake yapishane angalau 4.5 kwa 1. Video isijianzishe yenyewe, maana sauti yake inaziba sauti ya TalkBack na mtu hawezi hata kukitafuta kitufe cha kusimamisha.

Sasa jambo moja la mwani wenyewe, ambalo ngazi zenu haziwezi kulitatua. Somo la ugonjwa wa kupauka, ule matawi yanapogeuka meupe na kukatika, liko kwenye rangi. H.264 ya kawaida huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha. Kwenye 426 kwa 240 rangi imebaki 213 kwa 120, halafu 200 kbps zinaisugua tena. Mche unaoanza kupauka na mche mzima vinafanana. Anayetazama 240p atasikia maneno "angalia hapa panavyopauka" na hataona tofauti yoyote, na huyo ndiye mwenye shamba. Hapo weka picha mnato chini ya video: JPEG ya upana wa pikseli 800, kilobaiti 80. Ni data ya sekunde 2.6 tu za ile 240p, na inaonyesha kila kitu. Kwenye maelezo msitegemee rangi peke yake, wapo wasiotofautisha rangi vizuri. Semeni pia kwamba tawi linakuwa laini na linakatika likiguswa.

Kwa hilo napendekeza toleo la tano kabisa: picha mnato 40 za kilobaiti 60 pamoja na sauti. Ni MB 2.4 na 4.3, jumla chini ya MB 7, na kwa masomo ya hatua kwa hatua linafundisha kuliko 240p inayotikisika. Kwa fundo la tai-tai tu ndiyo muache video fupi ya sekunde 20.

Vitochi: toeni MP3 mono ya 48 kbps, sampuli 24 kHz, MB 4.3 kwa somo. Masomo yote 14 ni MB 60, memori kadi ndogo kuliko zote inayabeba. Majina ya faili yaanze na namba, 01 hadi 14, bila nafasi wala alama, la sivyo kitochi kitayapanga kivyake.

---

Mwambao

Kaskazi, la rangi sikuwa nimelifikiria kabisa, asante. Swali la mwisho: nitajuaje kwamba inafanya kazi kwenye mtandao mbovu bila kwenda Moa, huko Mkinga, kila nikibadilisha kitu?

---

Matlai

Tumia kompyuta yenye Linux igawe Wi-Fi, simu ziunganishwe nayo, kisha:

```
sudo tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 150ms 50ms loss 2% rate 300kbit
```

Weka jina la kadi ya Wi-Fi ya kompyuta hiyo mahali pa `wlan0`. Usiiendeshe kwenye seva yenyewe, utawabana watazamaji wote. Kwa 300 kbit somo la 240p linapaswa kucheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Likikwama angalia `-maxrate`. Shusha hadi 150kbit: picha itakwama kwa haki, ila toleo la Sauti tu liendelee. Toleo la mkalimani peke yake lijaribu kwa 300 pia, na pandisha loss hadi 5%. Kurudisha hali ya kawaida:

```
sudo tc qdisc del dev wlan0 root
```

Jaribu kwa simu ya bei ya chini kabisa uliyonayo, betri ikiwa chini ya 20% na hali ya kubana matumizi imewashwa, kwa sababu Android hupunguza kasi ya prosesa hapo na fremu zinaanza kuanguka hata mtandao ukiwa mzima. Ukiona hivyo kwenye 360p, mpe mtu huyo `somo-bando.m3u8`.

Nafasi ya diski isikutishe: ngazi tatu na sauti ni MB 198 kwa somo, toleo la alama MB 45, mkalimani peke yake MB 20. Masomo 14 hayafiki GB 4.